Shimo na Urithi

Mgeni afikaye Geita hutazama vilima na mashimo, kisha huuliza ni dhahabu kiasi gani imetoka. Swali bora ni hili: imeacha nini? Mgodi wa zamani ulichimbwa tangu miaka ya 1930, ukafungwa mwaka 1966. Mwingine ukafunguliwa mwaka 2000. Pamba ya Usukuma huvunwa kila mwaka, na mwana hurithi shamba la babaye. Dhahabu huvunwa mara moja tu. Aichukuaye leo huchukua na fungu la kesho. Basi haki haitimizwi kwa walio hai kugawana sawasawa. Hutimizwa dhahabu igeuzwapo shule, maji na maarifa, kabla shimo halijawa urithi pekee wa asiyezaliwa bado.