Mwalimu, Usiwagawe kwa Macho na Masikio

Mwanangu, nimesikia wamekupa Kidato cha Kwanza, mkondo uliofurika mpaka watoto wanabanana watatu dawati moja, na Hisabati juu yake. Nimesikia pia kwamba umekwisha kuwatia majina: wa mbele ni "vichwa", wa nyuma "hawana mwamko". Hilo la wa nyuma ndilo lililonishikisha kalamu.

Neno hilo nimelisikia katika kila ofisi ya walimu niliyokalia kiti. Lina utamu wake, kwa kuwa mwalimu akishalitamka mzigo umehamia kwa mtoto, naye anaweza kunywa chai kwa amani. Nakuomba uligeuze liwe swali: huyu kakwama wapi, na tangu lini?

Fungua daftari la mmojawapo. Utakuta nusu jumlisha robo jibu lake ni 2/6. Kajumlisha juu kwa juu, chini kwa chini. Usikimbilie kalamu nyekundu, maana kosa hilo lina akili ndani yake: katumia kujumlisha kulekule alikofundishwa tangu darasa la kwanza, na hakuna aliyemwonyesha akaelewa kwamba namba ya chini inataja ukubwa wa kipande. Labda siku ya somo hilo alikuwa shambani na bibi yake, labda alikuwepo ila darasa zima liliitikia "ndiyooo" na mwalimu akaendelea. Tangu hapo uwiano, asilimia na aljebra kwake ni kumpigia mbuzi gitaa. Wewe mtu mzima, ungekaa miaka kadhaa kwenye kikao usichokielewa bila kusinzia?

Na lugha je? Katika shule zetu nyingi za serikali hapa Tanzania mtoto husoma miaka saba kwa Kiswahili, kisha Januari ya Kidato cha Kwanza karibu kila somo linageuka Kiingereza. Yule aliyekuwa msemaji wa darasa la saba anakuwa bubu. Kabla hujamwita mvivu, muulize swali lilelile kwa Kiswahili. Akijibu vizuri, umejua ugonjwa uko wapi. Mfafanulie kwa Kiswahili bila haya, kisha mrudishe kwenye Kiingereza palepale, sentensi kwa sentensi, kwa sababu mtihani wa Kidato cha Pili hautamtafsiria.

Jirani zetu waliliona jambo hili waziwazi. Miaka ya 1990, huko Busia, magharibi mwa Kenya, baadhi ya shule za msingi zilipewa vitabu vya kiada bure. Mchumi Michael Kremer, mmoja wa watatu waliopata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019, na wenzake wakafuatilia matokeo. Wastani wa alama haukupanda. Waliofaidika ni wale waliokuwa wakifanya vizuri tangu mwanzo. Wengi wa waliobaki hawakuweza hata kuvisoma, maana vilikuwa vya Kiingereza. Kitabu kilitungwa kwa ajili ya vichwa.

Sasa nije kwenye lile ulilotoka nalo chuoni, kwamba kuna watoto wa kujifunza kwa macho, wa masikio, wa kusoma na kuandika, na wa mikono, na kwamba kila mmoja afundishwe kwa njia yake. Mgawanyo huo ulienezwa na Neil Fleming wa New Zealand kuanzia mwaka 1992. Unavutia, na unampa mwalimu kazi isiyowezekana: maandalio manne ya somo kwa kipindi kimoja, chaki zenyewe za kugawana. Mwaka 2008 wanasaikolojia wanne wa Marekani, Harold Pashler akiwa mmoja wao, walipitia tafiti zilizokuwepo, wakakuta hakuna ushahidi wa kutosha kwamba mtoto hujifunza zaidi akifundishwa kwa mtindo wake. Kupenda picha ni jambo moja, kuelewa kwa sababu ya picha ni jingine. Tena ubaya wa lebo ni kwamba mtoto huiamini. Mwambie "wewe ni wa mikono", na kesho atakwambia kusoma si kazi yake.

Njia nyingi tumia, ila zote kwa wote. Beba mchele, kibaba na pishi uende navyo darasani. Pishi ni vibaba vinne, na hapo nyuma hakosi mtoto ambaye mama yake anapima mchele gengeni. Mwite huyo. Amimine nusu pishi mbele ya wenzake, aongeze robo, wahesabu kwa sauti: vibaba vitatu. Kisha andika ubaoni lile jibu la 2/6 bila kutaja ni la nani, uwaulize ni kiasi gani cha pishi. Watagundua kwamba ni theluthi, pungufu ya ile nusu waliyoanza nayo. Mchele umeongezwa, ukapungua! Acha wabishane. Usiwaokoe mapema. Wakimaliza, wachore, ndipo waandike kwa tarakimu, ndipo waseme kwa Kiingereza. Wameona, wamesikia, wameshika na wameandika, wala hujamgawa mtu.

Tofauti za kweli zipo, na hizo zitafute kwa bidii: asiyeona ubao, asiyesikia vizuri, anayesoma kwa kugugumia, aliyetembea saa nzima bila uji. Wa kwanza mlete mbele leo hii.

Kila kipindi kianze na maswali machache ya wiki iliyopita, daftari zikiwa zimefungwa, kila mtu aandike jibu kabla yeyote hajanyoosha kidole. Bila alama. Kukumbuka kwa kujilazimisha kunakaza maarifa kuliko kusoma tena na tena, na wale vichwa hawatapata nafasi ya kukudanganya kwamba darasa limeelewa.

Hotuba za paredi usizitegemee. Mtoto ambaye kaka yake ana shahada na anaendesha bodaboda anaujua ule "ufunguo wa maisha" uitwao elimu kuliko anayeuhubiri. Hamasa niliyoiona ikidumu ni ile inayokuja baada ya mtoto kupata hesabu moja aliyodhani haiwezi. Mpe hiyo moja kwanza.

Viboko sitavizungumza sana. Kanuni za Tanzania zinampa ruhusa mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na wewe hujateuliwa. Kenya waliviondoa shuleni mwaka 2001. Sheria kando, fimbo humfundisha mtoto kunakili kwa jirani haraka zaidi, na hapo hata lile kosa lililokuwa likikuelekeza alikokwama halitaonekana tena.

Nanyi wakuu wa shule mtakaosoma barua hii, mna desturi ya kumtupia mwalimu mgeni Kidato cha Kwanza ili wazoefu wabaki na Kidato cha Nne, kwenye matokeo. Pangeni upya ratiba. Mwekeni mzoefu mmoja Kidato cha Kwanza, na kijana huyu akae naye.