Ibada ya Moto
Somo: Luka 13:1–5



Katika bahari ya kaskazini iko nchi ya kisiwa, jina lake Aislandi. Tangu karne ya 16 Kanisa la watu wake ni la Kilutheri kama letu. Chini ya kisiwa hicho gamba la dunia limepasuka: upande mmoja wavutwa kwenda magharibi na wa pili kwenda mashariki, kadiri ya sentimita 2 kila mwaka. Katika ufa huo mawe yaliyoyeyuka hupanda kutoka chini, na kwa sababu hiyo milima ya moto ni mingi huko. Twataka kuyatafakari yaliyowapata Wakristo wale, maana yatufundisha sisi pia.

Tarehe 8 Juni 1783, Siku ya Pentekoste, nchi ilipasuka mahali paitwapo Laki. Ufa ule ulikuwa na urefu wa kilometa 27, na vinywa vya moto zaidi ya mia moja vikafunguka. Mawe yaliyoyeyuka yakashuka kwa njia ya mto Skaftá, yakayakausha maji yake, yakateketeza mashamba na makanisa. Jumapili tarehe 20 Julai, moto ulipokuwa umekaribia Kirkjubæjarklaustur, mchungaji wa hapo, Jón Steingrímsson, aliwakusanya watu wake kanisani. Nyumba ya Mungu ilitikisika kwa ngurumo, wala hakuna aliyetoka kabla ya ibada kwisha. Kisha wakaenda kutazama, wakaona ya kuwa moto haukupita mahali ulipokuwapo. Maji ya mito iliyozuiliwa yalikuwa yameumwagikia na kuupoza. Hata leo watu wa huko huiita Ibada ya Moto.

Wako watakaosema, "Kumbe yalikuwa maji tu." Twawajibu: Yeye asikiaye maombi ndiye aliyeyaumba maji. Tena mwaka 1973 moto ulitoka katika kisiwa cha Heimaey, upande wa kusini wa nchi ile ile. Wakaaji wapatao 5,300 wakavushwa usiku mmoja, wengi wao kwa mashua za wavuvi. Na waliobaki kazini wakayamwagia mawe yale maji ya bahari kwa pampu, bandari ikaokoka. Mkristo hana sababu ya kukunja mikono kwa kuwa ameomba, wala ya kuacha kuomba kwa kuwa anayo pampu.

Lakini tusifiche lililofuata. Moto wa Laki uliendelea hata Februari 1784. Moshi wa kiberiti ukaijaza nchi, sumu ikaanguka juu ya majani. Kondoo walio wengi wakafa, na ng'ombe wapata nusu, na kwa njaa na ugonjwa akafa karibu mtu mmoja katika kila watano. Mke wa mchungaji naye alifariki mwaka 1784. Je, watu wale waliomba kwa imani haba?

Swali hili twaulizwa matangani na kando ya vitanda vya wagonjwa, na mwalimu akosaye jibu hukimbilia kusema, "Labda ni dhambi." Jón mwenyewe aliuhesabu moto ule kuwa adhabu ya Mungu. Twamheshimu, lakini hapa yatupasa kumsikiliza Bwana wetu kuliko yeye. Bwana aliwataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akakana kwamba walikuwa waovu kuliko wengine. Kisha akawageukia waliomsikiliza, akawataka watubu wao wenyewe. Basi msiba wa jirani haukutolewa ili tuupime moyo wake.

Moyo wa Jón twaujua kwa kazi yake. Aliwatibu wagonjwa, akawazika wafu. Tena alitumwa kuleta fedha za msaada zilizotiwa muhuri. Alipowaona wahitaji aliufungua mzigo bila ruhusa, akawagawia baadhi. Wakubwa wakamtoza faini na kumtaka aombe radhi. Hatusemi kwamba kila mtunza hazina afanye hivyo, maana sanduku la kanisa lina taratibu zake, nazo ni za haki. Ila twaona ya kuwa mtu aliyesimama mbele ya moto bila hofu hakuweza kusimama mbele ya wenye njaa na sanduku lililofungwa.

Wengi wetu nasi twalima juu ya kazi ya moto: migomba ya Kilimanjaro na Meru hukua katika udongo wa milima hiyo, na Oldoinyo Lengai ungali hai. Hatujui siku yetu. Walimu wapendwa, mwendapo mwezi huu katika nyumba yenye msiba, msianze kwa kuuliza sababu. Ombeni pamoja nao. Kisha tazameni kama chunguni mna kitu, kama ng'ombe ana majani, kama mtoto ana blanketi, mkautangazie usharika upungufu mliouona.

Bwana atupe imani isiyokimbia, na mikono isiyofumbwa. Amina.