Tafakuri ya Ramadhani, siku ya 12: Kicheko cha safu ya nyuma



Ndugu zangu wa hapa Maganzo na mlio mbali, leo naanza na kosa langu mwenyewe.

Usiku wa kuamkia juzi tulikuwa kwenye tarawehe, tumesujudu, msikiti kimya kabisa. Tumbo la mzee mmoja wa safu ya mbele likanguruma. Uji na viazi vya futari, mnajua wenyewe. Binti mmoja kule nyuma, safu ya watoto, akaangua kicheko. Akajaribu kukibana, kikatokea puani. Wenzake wawili nao wakaanza.

Nilipotoa salamu nikamwita kwa jina lake kwenye kipaza sauti. Nikamwambia asimame, atoke nje, akacheke na mbuzi. Watu wazima wakacheka. Mtoto akatoka amejifunika uso kwa mtandio. Tangu siku hiyo hajarudi, si tarawehe wala madrasa. Ana miaka 11.

Hebu tuanze na fiqhi, maana mimi nilijificha nyuma ya fiqhi. Ni kweli, kucheka kwa sauti kunabatilisha swala. Wenzetu wa madhehebu ya Hanafi wanaongeza kwamba kunatengua hata udhu. Lakini sisi Shafii tumesoma kwamba aliyezidiwa na kicheko bila kutaka, kikawa kidogo, anasamehewa. Na huyu hata kubaleghe bado. Sasa mimi nilikuwa nalinda nini pale? Nadhani nililinda heshima yangu tu.

Nimesomea ualimu, na saikolojia ya mtoto niliifanyia mtihani. Nilipaswa kujua kwamba kicheko kinaambukiza kama miayo. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Robert Provine, alifuatilia vicheko vya watu wa kawaida, akakuta kwamba mtu akiwa na wenzake hucheka karibu mara 30 zaidi ya akiwa peke yake. Na mara nyingi kinachotangulia kicheko wala si kichekesho. Ni maneno ya kawaida tu, “haya, tutaonana.” Kwa hiyo tunacheka kwa sababu tuko pamoja. Mkataze mtoto kucheka, umweke katikati ya wenzake kwenye ukimya, hapo ndipo kinapopanda.

Tena mfano mkubwa kuliko wote duniani uko kwetu, ng'ambo ya ziwa. Tarehe 30 Januari 1962, Tanganyika ikiwa haijatimiza miezi miwili ya uhuru, wasichana watatu wa shule ya bweni ya Kashasha, Muleba ya leo, walianza kucheka wakashindwa kuacha. Ikawafikia wanafunzi 95 kati ya 159. Tarehe 18 Machi shule ikafungwa. Watoto wakarudi makwao, na kicheko kikaenda nao hadi kijiji cha Nshamba, kikawashika watu 217. Madaktari Rankin na Philip waliandika habari hiyo mwaka 1963: walipima damu, wakachunguza chakula, hawakukuta sumu wala mdudu. Hakuna aliyekufa. Walimu hawakupatwa.

Watu wanaisimulia habari ile kama kichekesho. Haikuwa na furaha, jamani. Wale mabinti walicheka na kulia kwa zamu, wakakimbia ovyo, wengine wakapambana na waliowashika. Maelezo ambayo wengi wameyakubali ni kwamba miili ya watoto ilibeba hofu wasiyoweza kuisema: shule ngeni, ukali, mategemeo ya wazazi. Mkubwa mwenye hofu anaweza kujiuzulu au kuhama. Mtoto wa bweni atakwenda wapi?

Simsemi binti yetu kwamba anaumwa. Yeye alisikia tumbo linanguruma, basi. Ninachosema ni kwamba kicheko, kama chozi, mara nyingi kinamtoka mtu kabla hajaamua. Sura ya An-Najm aya ya 43 imetufundisha kwamba kicheko na kilio vyote vinatoka kwa Mola.

Lakini kuna kicheko ambacho mtu anakiamua. Hapa kwetu kila mchimbaji mdogo anakijua. Umechekecha mchanga wiki nzima, umepata kijiwe, unakipeleka kwa dalali. Kabla hajakipima anakicheka. Anamwita na mwenzake waje wakicheke. Kile kicheko ni bei inashushwa. Hicho ndicho walichocheka watu wazima usiku ule, na aliyekianzisha ni mimi na ule mzaha wangu wa mbuzi. Al-Hujurat aya ya 11 inakataza watu kudharauliana kwa kucheka. Nimeifundisha aya hiyo mara ngapi?

Naye Mtume (s.a.w.) alifanyaje? Bukhari na Muslim wamepokea kwamba mtu alimjia akilia kuwa ameangamia: amemwingilia mkewe mchana wa Ramadhani. Akaulizwa, unaweza kuacha huru mtumwa? Hana. Kufunga miezi miwili mfululizo? Hawezi. Kulisha maskini 60? Hana kitu. Ikaletwa tende kikapuni, akaambiwa akaitoe sadaka. Akauliza, nimpe nani, na Madina nzima hakuna fukara kunizidi? Mtume akacheka mpaka meno yake yakaonekana, akamwambia akailishe familia yake.

Kosa lile lilikuwa zito mara ngapi kuliko la mtoto wetu! Na mtu yule aliondoka na chakula mkononi, uso wake haukuvunjwa mbele ya maswahaba.

Leo baada ya alasiri nakwenda kwao. Nitamwomba radhi mbele ya mama yake, na akikubali kuja, nitarudia usiku kwenye kipaza sauti kilekile. Mzee wa tumbo nimeshaongea naye. Amecheka sana, akasema ni viazi.

Tarawehe saa mbili na robo. Watoto, safu yenu iko palepale.