Tetemeko Linaua Mpaka Lini?

Kichwa cha habari cha tetemeko huwa na sura moja tu kila mahali: tetemeko laua watu kadhaa. Kitenzi kimoja, tarakimu moja, yamekwisha. Kesho yake tarakimu inaongezeka kidogo, keshokutwa tena, halafu siku moja inasimama. Nani huisimamisha? Swali hilo linanisumbua, na namwomba msomaji asiwaachie watu wa takwimu peke yao. Ni swali la maadili: kifo kipi ni cha tetemeko, na kipi ni cha marehemu mwenyewe?

Tuanze na Kagera, kwa sababu ni kwetu. Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, saa tisa na nusu hivi alasiri, ardhi ilitikisika kwa ukubwa wa 5.9. Hesabu ya Serikali ilifika watu 17 waliofariki na majeruhi zaidi ya 400. Nyumba zaidi ya 2,000 zilianguka. Baada ya hapo habari zikahama. Tukaanza kuzungumzia mabati, saruji, michango, nani kachanga na nani kala. Huku nyuma watu waliendelea kulala nje, wengine wakiziogopa hata nyumba zilizobaki zimesimama. Na Bukoba si Dodoma. Ni mahali pa mvua, na vuli ilikuwa inaingia.

Sasa chukulia (nasema chukulia, simsemi mtu ninayemjua) bibi wa miaka 70 mwenye presha. Dawa zake zimefukiwa na ukuta. Analala chini ya turubai wiki tatu, anapata nimonia, anapelekwa hospitali, anakuta wodi imejaa waliovunjika miguu na viuno, anafariki siku ya 25. Daftari litaandika nimonia. Majirani watasema siku zake zilifika. Hakuna atakayemwongeza kwenye wale 17.

Wanaosema siku zake zilifika siwacheki. Ni maneno yanayomshika mtu asianguke pale makaburini, na nami nimeyasema. Ila tuangalie jinsi tunavyoyatumia. Mtoto aliyeangukiwa na ukuta ile Jumamosi naye tulisema siku yake ilifika, na bado tukamhesabu. Kumbe imani haikatazi kuhesabu. Kilichomwacha bibi nje ya hesabu ni kitu kingine: alikufa polepole, kitandani, kwa ugonjwa wenye jina la kawaida. Hakuwa na vumbi la kifusi mwilini.

Kuna kifo kimoja kinachouvuruga mpaka huu wote, nacho madaktari wanakijua vizuri. Mtu amefukiwa saa nyingi, paja limebanwa na nguzo. Anaongea. Anaomba maji, anauliza watoto wako wapi. Waokoaji wanahangaika mpaka nguzo inainuka, watu wanashangilia, wanawake wanapiga vigelegele. Muda mfupi baadaye anakufa mikononi mwao. Wakati ule wote misuli iliyobanwa ilikuwa inakufa, na sumu yake ilikuwa imefungiwa humohumo na ule mzigo. Mzigo ulipoondoka damu ikarudi, ikaichukua ile potasiamu na kuipeleka kwenye moyo. Na moyo ukinusurika, zinabaki figo, ambazo hushindwa kuchuja mabaki ya ile misuli na kufunga siku chache baadaye. Daktari Eric Bywaters na wenzake walilieleza jambo hili London mwaka 1941, kwa watu waliotolewa chini ya nyumba zilizopigwa mabomu na Wajerumani. Armenia ilipopigwa na tetemeko Desemba 1988, mamia ya watu waliookolewa hai walihitaji kusafishwa damu, na mashine zikabidi ziletwe kutoka nje.

Haya, huyu kauawa na nini? Na tetemeko, au na mkono uliomwinua? Hakuna mwenye akili atakayemlaumu mwokoaji. Lakini leo inajulikana kwamba majeruhi wa namna hii anatakiwa atundikiwe dripu ya maji ya chumvi mapema, ikiwezekana kabla hata nguzo haijainuliwa. Inajulikana, imeandikwa, inafundishwa. Kwa hiyo mtu akifa kwa kukosa dripu hiyo mwaka 1940, nitasema tetemeko au bomu limemuua. Akifa hivyo leo, mjini, penye hospitali, siwezi tena kusema hivyo nikatulia. Ardhi ni ileile na mguu umebanwa vilevile. Kilichobadilika ni kwamba sisi tunajua, na kujua kumekihamisha kile kifo kutoka upande wa ardhi kukileta upande wetu.

Wasomaji wa blogu kama hii watakuwa wameshaukumbuka ugomvi wa Lisbon. Mji ule ulianguka tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, na Voltaire akaandika shairi refu la uchungu akiwakejeli wanaosema kila kitu duniani kimepangwa vema. Mwaka uliofuata Rousseau akamjibu kwa barua: si maumbile yaliyokusanya pale nyumba elfu ishirini za ghorofa sita na saba. Kama mwandishi nampenda zaidi Voltaire, ila kwa hoja naona Rousseau alimshinda. Hata hivyo hoja yake iliishia kwenye kuta, na kwa watu waliopoteza muda wakirudi kuchukua nguo na pesa. Wodi hakufika. Ndiyo maana Rais Magufuli alipowaambia watu wa Kagera, Januari 2017, kwamba Serikali haikuleta tetemeko, alikuwa anasema jambo la kweli lisilojibu swali. Hakuna aliyeuliza nani aliitikisa ardhi. Watu walikuwa wanauliza habari za siku ya pili, ya kumi, ya mia.

Katika barua ileile Rousseau ana maneno ya baridi kidogo: kwamba pengine baadhi ya waliokufa Lisbon waliepushwa na mateso makubwa zaidi yaliyokuwa yakiwangoja. Wazo hilo halijafa, limevaa koti jeupe tu. Asubuhi ya tarehe 17 Januari 1994, tetemeko la Northridge lilipoiamsha Los Angeles, vifo vya ghafla vya moyo, ambavyo kwa kawaida havikufika vitano kwa siku, viliruka hadi 24. Siku zilizofuata vikashuka chini ya kawaida. Tafsiri yake inajitokeza yenyewe: waliokufa siku ile wengi wao walikuwa wameshafika ukingoni, tetemeko likawasukuma tu. Basi mtu atauliza, si wangekufa tu? Ndiyo, wangekufa. Nawe utakufa, nami pia. Aliyebakiza wiki moja ana wiki yake, na ukimnyang'anya umemwibia kitu chake, hata kama ni kidogo. Hatuna desturi ya kumsamehe mwizi kwa kuwa mfuko ulikuwa unakaribia kuisha.

Lakini kuna hatari ya upande wa pili. Ukiivuta kamba sana, kila kifo kitakuwa cha tetemeko, na wenye makosa watajificha humo. Haiti ilitikisika Januari 2010. Oktoba mwaka huohuo kikaingia kipindupindu, kikaua maelfu. Nani asingeunganisha moja kwa moja: tetemeko, mahema, uchafu, ugonjwa? Kumbe kilianzia bonde la Artibonite, nje ya eneo lililobomoka, kutokana na maji machafu ya kambi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa waliotoka Nepal. Umoja huo ulichukua miaka, mpaka Desemba 2016, kuomba radhi kwa watu wa Haiti. Kuvibandika vifo vile jina la tetemeko kungekuwa kuisingizia ardhi.

Wajapani wamejaribu kuchora mstari huo waziwazi, kwa sheria. Wana msemo rasmi wa vifo vinavyohusiana na maafa, yaani vya watu ambao hawakuangukiwa na kitu lakini wamekufa kwa yaliyofuata. Familia inapeleka maombi, kamati ya madaktari na wanasheria inakaa, inaamua. Ikikubali, wafiwa wanapata yen milioni 5 kama marehemu ndiye aliyekuwa akiitunza nyumba, vinginevyo milioni 2.5. Kumamoto, Aprili 2016, miezi mitano kabla ya Kagera, waliouawa moja kwa moja walikuwa 50. Waliokubaliwa baadaye na kamati walizidi 200. Mara nne!

Siusifii mfumo huo moja kwa moja. Baada ya tetemeko la Niigata la mwaka 2004, mji wa Nagaoka uliweka kipimo: anayekufa ndani ya wiki moja anadhaniwa ni wa tetemeko, anayekufa baada ya miezi sita anadhaniwa siye. Nikisoma hayo nawaza familia ambayo mzee wao kafariki mwezi wa saba. Wapo waliokwenda mahakamani. Ila angalau mlango upo wa kubisha hodi. Na kuhesabu kumewafundisha kitu: waligundua kwamba watu wanaolala ndani ya magari kwa kuogopa nyumba, miguu imekunjwa, maji wanakunywa kidogo ili wasitafute choo usiku, wanaganda damu miguuni, bonge linapanda mapafuni, wanakufa. Siku hizi wahudumu wa afya hupita kwenye magari hayo wakiwahimiza watu washuke watembee, wanywe maji. Bila ile hesabu ya pili, vingekuwa vifo vya kawaida vya wazee.

Lugha yetu ina kitenzi kufiwa, kinachomweka katikati yule aliyebaki. Yen milioni ngapi ni nchi gani inaweza, sijali sana kwa leo. Mfiwa wa yule bibi wa siku ya 25 anahitaji kwanza mahali pa kusemea. Ningeanza na jambo dogo la bei ya kalamu: kwa mwaka mzima baada ya tetemeko, daftari la wodi liwe na safu moja ya ziada, ya kuandika mgonjwa alikuwa akilala wapi kabla hajaletwa.