Wanangu, Msiiruke Aya ya Upepo

Wanangu mnaosoma sekondari hapa Shinyanga, Kahama, Geita na Katoro, mzee wenu nina neno. Mnasoma riwaya ya Kiingereza kidole kikiwa kwenye simu. Kila neno geni mnalitafsiri, na aya ikiisha mmekusanya maneno lakini hamjui mwandishi amesema nini. Wengine wakifika penye maelezo ya mahali, hali ya hewa au sura ya mtu, wanaruka na kukimbilia madesa. Acheni tabia hiyo, itawaponza. Simu haiingii kwenye chumba cha mtihani.

Chukueni Things Fall Apart ya Chinua Achebe, iliyotoka mwaka 1958. Sura ya kwanza tu mnakutana na neno harmattan. Msishtuke. Tazameni kilicho jirani yake: mvua zimekoma, upepo wa baridi na ukavu unavuma kutoka kaskazini, miaka mingine ukungu mzito unatanda, wazee na watoto wanaota moto. Huo ni upepo wa kiangazi. Unatoka Sahara na kuvuma Afrika Magharibi, huku kwetu haufiki. Lakini mtoto wa Usukumani anayeamka mwezi wa saba midomo imempasuka na vumbi limejaa uani, atamwelewa Achebe kabla hajagusa kamusi. Neno geni husomwa kwa majirani zake, kama mchimbaji wa Nyarugusu anavyofuata mshipa wa dhahabu kwa kusoma mwamba unaouzunguka.

Ninaloliogopa zaidi ni neno mnalodhani mnalijua. Katika sura hiyohiyo, Unoka, babake mhusika mkuu Okonkwo, anakumbuka utoto wake alivyokuwa akitafuta kite angani. Wengi mtasema ni tiara, ile ya karatasi na uzi. Someni nyuma na mbele kidogo! Kite hao wanarudi kiangazi kinapoanza, na mtoto anawaimbia, anawakaribisha kutoka safari ndefu. Tiara gani husafiri na kurudi na majira? Ni mwewe. Aliyeng'ang'ania tiara amepoteza picha nzima, na furaha ya Unoka hataiona.

Sisemi mtupe kamusi. Kisieni kwanza, andikeni kisio lenu kwa penseli, ndipo mfungue kamusi na kuchagua maana inayokaa vizuri ndani ya sentensi, hata kama si ile ya kwanza kwenye orodha. Najua mzigo wenu: shule za msingi za serikali mlisoma kwa Kiswahili, kisha Kidato cha Kwanza mkamwagiwa Kiingereza kama mlizaliwa nacho. Kwa hiyo zoezi hili halingojei Kidato cha Nne.

Kitabu kikiwa kimoja na ninyi ni wengi, kaeni pamoja leo jioni. Mmoja asome kwa sauti aya ile ya upepo, mwingine aeleze kwa Kiswahili au Kisukuma anachokiona, na wengine mumbishie mkionyesha sentensi inayowapa haki.