Danieli Alipopelekwa Shule Babeli

Somo: Danieli 1:1–20

Wiki hizi vijana wetu wanaanza muhula mpya chuoni. Wengine wametoka nyumbani kwa viza ya masomo. Wengine wamekulia hapa Marekani, lakini ni wa kwanza katika ukoo wao kuingia chuo kikuu. Leo Neno liseme nao, na liseme na sisi wazazi pia.

Danieli na wenzake watatu hawakuchagua kwenda Babeli. Walichukuliwa mateka, wakabadilishiwa majina, wakapangiwa miaka 3 ya kujifunza elimu na lugha ya Wakaldayo. Angalieni walichokataa na walichokubali. Chakula cha mfalme walikikataa, kwa sababu kingewatia unajisi. Masomo hawakuyakataa. Waliketi wakajifunza, na mstari wa 17 unatuambia kwamba ni Mungu mwenyewe aliyewapa maarifa yale. Basi kijana wetu akijifunza desturi za darasa la ugenini, hajaiasi nyumba aliyotoka.

Desturi ya kwanza ni kuuliza. Wengi tumelelewa kwamba mwanafunzi mwenye adabu hunyamaza, na anayemfuata mwalimu ofisini ni yule aliyeitwa kwa kosa. Hapa ukimya husomeka vingine. Katika masomo mengi kushiriki mazungumzo darasani kuna alama zake, na maprofesa hutenga saa za ofisi kila wiki ili mwanafunzi aingie na maswali yake. Danieli alipokuwa na shida alimwendea msimamizi, akasema naye kwa heshima, akaomba wajaribiwe siku 10. Na Bwana wetu, akiwa na miaka 12, alikutwa hekaluni katikati ya walimu akiwasikiliza na kuwauliza (Luka 2:46). Kama kuuliza kungekuwa utovu wa adabu, yeye asingefanya.

Ya pili ni kupima. Profesa akikwambia utoe hoja yako, hataki umrudishie maneno yake mwenyewe. Watu wa Beroya waliposikia mahubiri ya Paulo walikwenda kuyachunguza Maandiko kila siku waone kama ndivyo yalivyo, na Biblia inawasifu kwa hilo (Matendo 17:11). Mtume alipimwa, na hatusomi kwamba alikasirika.

Ya tatu ni kutaja chanzo. Wengi wetu tulipewa alama nzuri kwa kuandika kama mwalimu alivyoandika ubaoni, neno kwa neno. Hapa ukichukua maneno au wazo la mtu bila kumtaja, hata ukigeuza maneno machache, umeiba. Unaweza kufelishwa somo, hata kufukuzwa chuo. Ni hivyo hivyo kwa kumlipa mtu akuandikie insha, au kuitumia akili bandia mahali profesa amekataza. Katika Yeremia 23:30 Mungu anasema yuko kinyume cha manabii wanaoibiana maneno. Lakini Paulo, aliposimama Athene na kutumia maneno ya washairi wa Wayunani, alisema wazi kwamba ni ya washairi wao (Matendo 17:28). Mwanangu, fanya kama Paulo. Kutumia kazi ya mwenzako kunaruhusiwa, ila mtaje.

Ya nne ni uaminifu wa kila wiki. Kule nyumbani vyuo vingi huupa mtihani wa mwisho sehemu kubwa ya alama, na mtu akikesha wiki za mwisho anaweza kujiokoa. Hapa alama hukusanywa kidogo kidogo: zoezi la wiki hii, jaribio fupi, insha, mahudhurio. Yote yameandikwa katika silabasi unayopewa siku za kwanza. Isome kama mkataba. Bwana alifundisha kwamba aliye mwaminifu katika dogo ndiye mwaminifu katika kubwa (Luka 16:10).

Sasa sisi wazazi. Shule ya sekondari ilikuwa inatupigia simu. Chuo hakitapiga. Kwa sheria ya nchi hii ya mwaka 1974, kijana akishaingia chuo rekodi zake ni haki yake, na kwa kawaida hutapewa alama zake bila yeye kukubali, hata kama ada unalipa wewe. Mlango uliobaki ni kinywa chake, na kinywa hicho hufungwa na hofu. Kijana amefeli kemia. Anajua mama anafanya zamu za usiku, anajua mjomba aliuza shamba, anajua kanisa lilichanga. Ukimuuliza, anajibu, “Niko sawa, mama.” Anaendelea kusema hivyo mpaka msaada wa ada unakatwa. Na aliye kwa viza ya F-1 yuko katika hatari zaidi. Anatakiwa kusoma muda wote, kwa kawaida krediti 12 kwa muhula katika shahada ya kwanza. Akiacha somo kimya kimya kabla ya kupata kibali cha ofisi ya wanafunzi wa kigeni, anaweza kupoteza haki ya kukaa nchini.

Danieli alipopata habari ya kutisha, alikwenda nyumbani akawaambia wenzake, wakaomba pamoja (Danieli 2:17–18). Alikuwa na nyumba ambamo habari mbaya inaweza kusemwa. Je, nyumba yako ni ya namna hiyo? Mtoto akikwambia “nimefeli”, neno lako la kwanza litakuwa lipi? Likiwa ni hesabu ya pesa ulizotumia, hutaambiwa mara ya pili.

Wiki hii kila mwanafunzi aende saa za ofisi kwa profesa mmoja, hata kama ni kumsalimu na kumuuliza swali moja. Kila mzazi amuulize mwanawe, “Somo gani ni gumu?” kisha asikilize mpaka mwisho. Na ninyi mliokwisha kumaliza chuo hapa, bakini baada ya ibada mkae na wadogo zenu, muwasomee silabasi pamoja.

Bwana aliyewapa maarifa vijana wanne Babeli awape na wetu. Atupe na sisi masikio. Amina.