Kadiri ya Msaada katika Mchezo wa Hadithi

Katika michezo ya video yenye hadithi, swali moja dogo huulizwa mara nyingi kabla ya safari kuanza: mchezaji ataka aonyeshwe njia, au ataka aitafute mwenyewe? Swali hili huwekwa katika orodha ya mipangilio, kati ya ukubwa wa maandishi na kiasi cha sauti, kana kwamba ni jambo la starehe tu. Walakini ndani yake mna swali la zamani la maadili: msaada wapaswa kukoma wapi ili usiwe dhuluma kwa yule anayesaidiwa?

Yafaa kwanza kueleza msaada wenyewe. Juu ya picha ya nchi, watu na wanyama, mtungaji wa mchezo huweza kuweka alama ambazo watu wa ndani ya hadithi hawazioni: mshale juu ya kichwa cha mtu anayepaswa kusemeshwa, nukta inayong'aa mahali pa kwendea, ramani ndogo pembeni mwa skrini, tarakimu za umbali uliobaki, na maneno yanayotaja kitufe cha kubonyeza. Msaada kamili ni alama hizi zote pamoja. Msaada haba ni kuziondoa zote au karibu zote, mchezaji akabaki na kile tu ambacho shujaa wa hadithi mwenyewe angaliweza kukiona na kukisikia.

Tofauti ya njia hizi mbili yaonekana vizuri katika michezo miwili ya kampuni moja ya Marekani, Bethesda. Katika Morrowind, uliotoka mwaka 2002, aliyetumwa kazi hakupewa mshale. Aliambiwa kwa maneno afuate barabara, avuke daraja, apinde penye jabali fulani, kisha atafute mlango wa pango. Na habari hizo zikaandikwa katika daftari lake la safari. Basi alisikiliza kwa makini, akasoma vibao vya njiani, akakariri umbo la vilima. Vilevile alipotea mara nyingi, na pengine kosa halikuwa lake, kwa kuwa maelekezo mengine yalikuwa na upungufu. Katika Oblivion, uliotoka mwaka 2006, dira iliwekwa chini ya skrini, na ndani yake alama ya mahali pa kwendea. Kupotea kukapungua sana. Kusikiliza nako kukapungua.

Hasara hii si ndogo. Hadithi husimama juu ya usikivu wa anayeipokea. Mzee wa kijiji akiwekewa mshale juu ya kichwa chake, huacha kuwa mtu akawa kituo. Mchezaji humfikia, hubonyeza maneno yake yapite upesi, kisha hufuata nukta mpya. Nchi iliyochorwa kwa taabu ya miaka huwa pazia la rangi nyuma ya nukta ile. Mtu aweza kumaliza mchezo wa saa 40 pasipo kujua jina la mto alioupita kila siku. Huyo amesafiri kama mzigo usafirivyo: umefika, lakini haukuona njia.

Kwa sababu hii wako wachezaji wanaoona fahari kuzima kila alama, na wanaowacheka wale wasiozizima. Kwao msaada ni mkongojo wa mvivu. Hukumu hii ina haraka mno. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa. The Last of Us Part II, mchezo wa mwaka 2020, uliwekewa mipangilio zaidi ya 60 ya kuwafaa wenye ulemavu: sauti za kuashiria njia na vitu, maandishi yanayosomwa kwa sauti, na rangi zinazomtenga adui na mandhari. Kwa msaada huo wako vipofu walioicheza hadithi ile mpaka mwisho. Nani atasema kwamba kipofu amepokea hadithi pungufu kwa kuwa aliongozwa? Pasipo kuongozwa asingalipokea hadithi yoyote. Kadhalika, michezo mingi mikubwa haisemi Kiswahili. Kijana wa Tanga au Kisumu anayecheza kwa Kiingereza asichokimudu vema huweza kupotea, si kwa uvivu wa macho, bali kwa ugeni wa lugha. Kwake mshale ni mkalimani. Na yuko mfanyakazi mwenye saa moja tu ya usiku, ambaye akiitumia yote kutafuta mlango mmoja, hadithi humfia njiani.

Basi kama msaada waweza kumnyima mtu hadithi, na kukosa msaada kwaweza kumnyima vilevile, kipimo chake hakiwezi kuwa wingi wala uchache. Liko fundisho katika desturi ya vitendawili. Mtegaji husema, "Kitendawili!" nao wasikilizaji hujibu, "Tega!" Akiisha kutega, huwaacha wafikiri na wakosee. Hatoi jibu kabla hawajajaribu, maana kitendawili kilichojibiwa kabla ya kufikiriwa si kitendawili tena. Lakini wakishindwa, hawaachi gizani daima: huomba apewe mji, nao humpa, na jibu hutolewa mbele ya wote pasipo aibu. Hapa msaada una wakati wake, na huja kwa kuombwa. Aliyeshindwa hutoa mji wa maneno tu, akarudi kutegewa kingine. Kosa la mshale, basi, si kwamba wasaidia. Ni kwamba mara nyingi hutoa jibu kabla ya swali kutegwa.

Kutoka hapo yaonekana kuwa mzigo wa kwanza ni wa mtungaji, si wa mchezaji. Assassin's Creed Odyssey, mchezo wa mwaka 2018 wenye hadithi ya Ugiriki ya karne ya 5 kabla ya Kristo, humwuliza mchezaji tangu mwanzo kama ataka kuongozwa au kupeleleza. Akichagua kupeleleza, haonyeshwi nukta. Hupewa dokezo la jimbo na la mahali maarufu palipo karibu, kisha humrusha tai wake atazame toka juu. Uchaguzi huu ni wa kweli kwa sababu watungaji waliandika maneno yanayoweza kushika mahali pa mshale. Maneno hayo yakikosekana, kuruhusu alama zizimwe si kumpa mchezaji uhuru. Mchezo uliojengwa juu ya mishale, ambao watu wake husema "kamtafute" pasipo kusema wapi, humwacha aliyezima alama kama mgeni aliyeshushwa njia panda usiku. Kinyume chake ni Ghost of Tsushima wa mwaka 2020, wenye hadithi ya uvamizi wa Wamongolia katika kisiwa cha Tsushima mwaka 1274. Humo upepo ndio kiongozi: huvuma kuelekea mahali pa kwendea, majani yakainama, na mchezaji akafuata. Msaada huo ni mkubwa, na bado macho hayaondoki katika nchi ya hadithi.

Mzigo wa pili ni wa mchezaji. Yampasa aanze na msaada haba kadiri awezavyo, si kwa fahari, bali ili hadithi ipewe nafasi ya kusema kwanza. Akikwama, aombe; kuuliza si ujinga. Akiisha kuvuka, azizime alama tena. Wala asimpime jirani kwa kipimo chake mwenyewe, maana hajui macho ya jirani yaona nini, wala ana saa ngapi za mapumziko, wala alilelewa katika lugha gani.

Jambo hili lavuka mipaka ya michezo. Mwalimu anayempa mwanafunzi muhtasari wa kitabu kabla hajakifungua, na yule anayemtupa katika kitabu kizito pasipo neno, wametenda kosa moja kwa njia mbili: wote wamemtenga na kitabu. Msaada wa haki humkutanisha mtu na kile alichokijia. Katika mchezo wa hadithi alichokijia ni hadithi. Alama ikisimama kati yake na hadithi hiyo, na iondoke. Na ikiwa ndiyo daraja lake la pekee, na ibaki pasipo kuonewa haya.